Jumamosi usiku Dar, watu saba, tunalala Sinza: tuanzie wapi, tumalizie wapi?

Makole_Dom

Wakuu, habari za jioni. Tunakuja Dar kutoka Dodoma na SGR siku ya Ijumaa. Tuko saba, wanaume wanne na wanawake watatu, umri kati ya miaka 29 na 46. Lodge tumeshapata Sinza, jirani na Barabara ya Shekilango. Jumamosi ndiyo usiku wetu, Jumapili jioni tunarudi na treni.

Tunataka kwanza sehemu ya kukaa tukasikilizana, tule nyama, halafu baadaye muziki na kucheza. Wawili kati yetu hawanywi pombe kabisa na mmoja hali kitimoto. Akina dada wamesisitiza waione bahari au mji kutoka juu walau kwa saa moja. Bajeti ni laki sita kwa wote saba, ikiwemo usafiri wa usiku ule.

Orodha ya majina ya baa ninayo ndefu tu, kila mtu kanitajia zake. Ninachoomba ni namna ya kuchagua na kupanga: tuanze upande gani, saa ngapi, na ni wapi hela hupotea bila mtu kujua. Nawasilisha.

---

Shekilango90

Mkuu Makole, karibuni sana. Hiyo orodha iweke pembeni kidogo, kwanza chagua upande wa mji. Wageni wengi huchukua baa nne nzuri zilizoko Mbezi Beach, Masaki, Posta na Tabata, halafu usiku mzima unaishia barabarani. Mkiwa saba kila kuhama ni magari mawili, kusubiriana, na mmoja aliyesahau simu mezani. Hesabu dakika 40 hadi saa nzima kwa kila kuhama. Vituo viwili vinatosha, vitatu ndiyo mwisho.

Pande zenyewe ziko hivi.

Sinza, Mwenge na Kijitonyama: baa za wazi, viti vya plastiki au vya mbao, nyama choma, TV za mpira, muziki wa DJ au bendi. Bia ya kawaida ya kitanzania tegemea 2,500 hadi 3,500. Hakuna anayeangalia umevaa nini. Kwa kula na kupiga stori, kwa maoni yangu hakuna sehemu ya Dar inayoishinda.

Masaki na Oysterbay: launji, klabu na migahawa ya hoteli. Bia ile ile huenda mara mbili ya bei ya Sinza, kwenye hoteli hata mara tatu. Wanaume wavae viatu vya kufunika na suruali ndefu. Kandambili, kaptula au jezi vinaweza kuwazuia mlangoni, na mmoja akizuiwa mmezuiwa wote. Majina ya klabu za huku hubadilika haraka, kwa hiyo angalia kwenye ukurasa wao picha za Jumamosi iliyopita. Picha za mwaka juzi hazikusaidii kitu.

Mjini, yaani Posta na Kivukoni: tangu klabu ya Bilicanas iondoke mwaka 2016, katikati ya mji si mahali pa kukesha tena. Panafaa kwa saa za jioni. Level 8, iliyo juu ya hoteli ya Hyatt Regency pale Kivukoni, inaangalia bandari na pantoni za Kigamboni. Hapo mnakunywa kinywaji kimoja kimoja na kuondoka, kwa sababu bei ni za hoteli.

Kigamboni na fukwe za Mbezi Beach: ni nzuri kwa kuanza mchana. Kwa watu wanaolala Sinza na wanaotaka kucheza usiku, ni mbali bila sababu.

Sasa muda. Klabu za Masaki saa 4 usiku ni viti vitupu, watu hujaa kuanzia saa 6. Ukifika saa 4 utanunua vinywaji vya saa mbili kwa bei ya klabu huku DJ anajaribu spika. Bango likisema msanii fulani atakuwepo, tegemea apande kama saa 8, aimbe nyimbo chache, ashuke. Msipange usiku mzima kwa ajili yake.

Kingine kinachosahaulika ni mpira. Mechi ya Jumamosi jioni ya Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa 1:30 usiku kwetu wakati wao wapo kwenye saa za kiangazi, na saa 2:30 usiku kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi. Kwenye baa za Sinza DJ hawashi muziki mpaka mechi iishe, yaani kama saa 3:30 au 4:30. Meza nzuri za mbele ya TV zinajaa mapema, ila meza za pembeni ndizo zenu kama mnataka kuongea. Siku ya Simba na Yanga sahau kabisa meza ya watu saba bila kuishikilia tangu mchana.

Bajeti yako naigawa hivi kwa mpango wa Sinza kisha Masaki. Nyama, ndizi na kachumbari kwa watu saba, tenga 100,000. Wanywaji watano bia tatu kila mmoja kwa 3,500 ni 52,500, na wasiokunywa soda na maji 9,000. Usafiri magari mawili mara tatu, tenga 90,000. Kiingilio Masaki kama kipo, weka 15,000 kwa kichwa, 105,000. Vinywaji Masaki, watano mara tatu kwa 7,000 ni 105,000, na wasiokunywa 20,000. Jumla 481,500. Inabaki 118,500, na hiyo msiiguse kabla ya saa 8 usiku.

---

Mpenzi wa Dansi

Nakubaliana na Shekilango90 kwenye pande za mji, ila mpango wake nauona umegeuka kichwa chini. Mnalala Sinza, sasa mbona mmalizie Masaki saa 9 usiku, wakati magari ni ghali na watu wamechoka? Anzieni mbali, mmalizie karibu na kitanda.

Jioni mwende Slipway, Msasani. Rasi ya Msasani ina pande mbili. Coco Beach ipo Barabara ya Toure upande wa mashariki, hivyo jua halizami baharini pale, linazama nyuma yako. Slipway ipo upande wa magharibi na inaangalia Ghuba ya Msasani, kwa hiyo mnaliona jua linashuka juu ya maji na ngalawa. Dar jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, mapema zaidi Mei na Juni, kwa kuchelewa zaidi Februari. Mkae pale kuanzia saa 11:15 ili mpate meza ya mbele. Saa 12 kamili hupati. Kinywaji kimoja au viwili, picha, basi. Msile pale, maana njaa ndiyo itakayowafurahisha na nyama ya Sinza.

Mkitaka mihogo ya kukaanga na mishikaki ya Coco, ipitieni saa 10 jioni, kabla ya Slipway, kwa gari ni karibu tu. Halafu saa 1:15 usiku mnarudi Sinza, saa 2 mko mezani, saa 4 muziki umeanza, na mwisho wa usiku ni bajaji ya dakika kumi. Kiingilio mnaweza msilipe kabisa, na akina dada wameiona bahari yao. Ile 105,000 ya mlangoni inakuwa nyama na vinywaji.

Kwa kuwa umri wenu unafika 46, nawaomba mfikirie bendi badala ya DJ. Kitu hiki miji mingi haina. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978, na Twanga Pepeta ndiyo iliyofundisha kizazi kizima kucheza, kwa miaka mingi ikijulikana na ukumbi wa Mango Garden, Kinondoni. Ratiba za bendi hubadilika, ukumbi wa wiki hii si wa wiki ijayo, kwa hiyo pigeni simu au muulizeni mwenye baa siku ya Alhamisi. Bendi ya dansi hupasha kwa nyimbo laini za zamani kwanza, sebene kali huja baadaye. Ukiingia saa 5 umeikuta inapamba moto. Kaa pembeni ya jukwaa, karibu na ukuta. Mbele kabisa ya spika utasikia besi peke yake na mtaondoka na masikio yanayolia. Weka noti ndogo mfukoni za kumtunza mwimbaji, elfu moja au mbili, unampa mkononi wakati anaimba. Ukimtunza atakutaja jina, na meza yako itahudumiwa vizuri usiku kucha.

---

Dada wa Kaunta

Hapo wakubwa wamemaliza barabara, mimi niseme ya mezani. Huko ndiko hela hupotea.

Baa nyingi za Sinza zina biashara mbili chini ya paa moja. Kaunta ni ya mwenye baa, jiko mara nyingi amekodi mtu mwingine. Bili ya nyama na bili ya vinywaji ni tofauti, na watu tofauti wanakuja kuzidai. Ukimpa mhudumu wa vinywaji hela ya nyama bila kusema, baadaye mchoma nyama atakuja kudai kwa haki kabisa. Lipa jikoni kwa mkono wako, palepale unapoagiza.

Nyama inapimwa mbichi. Kilo ya mbuzi ina mfupa, na ikichomwa inapungua sana, kwa hiyo watu saba wenye njaa waagize kilo 3 pamoja na ndizi za kuchoma, au 2.5 kama mlikula mihogo. Nenda mwenyewe jikoni, chagua kipande (mbavu ina mafuta na utamu, paja lina nyama nyingi), simama ipimwe mbele yako, na useme ikaushwe kiasi gani. Nyama mbichi huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Ikija baada ya dakika 15 ilichomwa mapema na imepashwa moto tu. Kwa hiyo agizeni mkifika tu, kabla hata ya bia ya kwanza. Na kwa yule asiyekula kitimoto, msiulize kama kipo. Ulizeni kama jiko, kisu na ubao wa kukatia ni vya pamoja. Sehemu nyingi jiko la kitimoto liko peke yake, lakini si zote. Kama ni vya pamoja, tafuteni baa nyingine.

Vinywaji. Mhudumu kwenye baa nyingi anachukua bia kaunta kwa hela yake au kwa kuandikwa jina lake, halafu anakudai wewe. Mteja akikimbia, deni ni lake. Ndiyo maana anapenda ulipe kila anapoleta, na mimi nawashauri mfanye hivyo hivyo au angalau kila mzunguko. Mkitaka bili ya pamoja, mwambieni asiondoe chupa tupu mezani mpaka mmalize. Mwisho wa usiku mnahesabu chupa na hakuna ugomvi. Masaki meza husafishwa kila mara, kwa hiyo mmoja wenu asiyekunywa aandike kwenye simu kila kilicholetwa na saa yake. Mhudumu awe mmoja, mjue jina lake. Wakiwa watatu, bili tatu zitachanganyika. Na bia ifunguliwe mbele yako, semeni mapema nani ya baridi nani ya moto, maana chupa iliyofunguliwa hairudi kaunta.

Chenji idaini palepale. "Nakuletea" ya saa 3 inasahauliwa na wote wawili saa 7.

Kulipa kwa simu: tumieni Lipa Namba iliyobandikwa kaunta, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Likiwa jina la mtu badala ya biashara, muite meneja kwanza. Ombeni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, siyo karatasi ya kuandikwa kwa peni, hasa huko kwenye bei kubwa. Na kwenye hoteli angalia chini ya menyu kama VAT ya asilimia 18 na tozo ya huduma zimo ndani ya bei au zinaongezwa.

Pombe kali. Kuna wakati meza ya watu watano inaona ni nafuu kuchukua mzinga mmoja kuliko bia. Kweli inaweza kuwa nafuu, ila jueni mnachokunywa. Konyagi ni asilimia 35. Chupa ya mililita 750 inatoa toti 25 za mililita 30, na kilevi chake ni sawa na bia kubwa kumi na nusu za asilimia 5. Toti moja iliyopimwa ni chini ya nusu ya bia. Tatizo halimo kwenye toti, limo kwenye kumimina kwa macho. Mtu anajaza glasi mpaka katikati, hiyo ni mililita 100 au zaidi, anaongeza soda kidogo, na glasi moja imekuwa karibu bia moja na nusu. Anakunywa kwa kasi ya soda. Saa 5 usiku amelala mezani. Ombeni kipimo cha toti kaunta, wanacho.

Chupa ya pombe kali ije imefungwa, kizibo kisiwe kimelegea, na stempu ya kielektroniki ya TRA iwe nzima, haijachanika wala kubandikwa upya. Programu ya TRA ya Hakiki Stempu inaisoma kwa kamera ya simu. Chupa ikija imeshafunguliwa kwa maelezo kwamba "tumewarahisishia", irudisheni. Usiku wa manane kwenye mwanga hafifu ndipo chupa za mashaka hutolewa, kwa hiyo kama ni mzinga, nunueni mapema.

Kwenye klabu, kabla ya kukaa meza ya VIP uliza maswali mawili: kiwango cha chini cha matumizi ni shilingi ngapi, na kiingilio tulicholipa kinakatwa kwenye kinywaji au la? Ukikaa kwanza ukauliza baadaye, umeshakubali.

---

Makole_Dom

Wakuu shukrani sana, mmenifungua. Mpango wa kuanzia Coco na Slipway kisha kurudi Sinza ndio tumeuchagua, na kilo 3 nimeziandika. Dada wa Kaunta, suala la chupa tupu peke yake limeniokoa.

Mawili yamebaki. Usafiri wa kutoka Msasani saa 1 usiku tukiwa saba tunaupangaje? Na tutajuaje kwamba baa tuliyoichagua Sinza kweli itakuwa na muziki usiku huo?

---

Namba ya Gari

Makole, gari nyingi za Bolt, ile programu ya kuita gari kwa simu, ni ndogo, abiria wanne tu, na wakikaa wanne wenye mwili haina raha. Pangeni magari mawili tangu mwanzo, wanne na watatu, na msiyaite kwa pamoja kutoka simu moja. Kila kundi liwe na simu yake, chaji juu ya asilimia 40 na salio. Kila gari liwe na mwanamume na mwanamke, na mmoja wa wale wasiokunywa. Hilo tu linaondoa nusu ya matatizo.

Saa 1 usiku Jumamosi watu wengi wanatoka rasini kwa pamoja. Iteni gari dakika 15 kabla ya kuinuka, mkiwa bado mezani. Msisimame barabarani na simu mkononi, pikipiki ikipita imekwenda nayo. Dereva akifika linganisheni namba ya gari na iliyo kwenye simu kabla ya kugusa mlango, na yeye ndiye ataje jina la aliyeita. Akisema aghairi safari mlipane pembeni, kataeni. Safari isiyo kwenye programu haina kumbukumbu ya dereva wala njia.

Njia ya kutoka Slipway kwenda Sinza isiwapeleke mjini. Inapitia Barabara ya Bagamoyo au Kinondoni, ni karibu kilomita 10. Dereva akielekea Daraja la Tanzanite anawapeleka Posta. Na mkija miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikinyesha mchana kutwa msijaribu kuongeza kituo cha mjini. Jangwani hujaa maji ya Mto Msimbazi na Barabara ya Morogoro inaweza kufungwa, mkabaki upande usio wa kitanda chenu.

Usiku wa manane ndani ya Sinza, bajaji inabeba watatu, kwa hiyo ni bajaji tatu. Mlinzi wa baa anawajua madereva wanaoegesha pale kila siku, mwombeni awaitie hao. Bodaboda kwa mtu aliyekunywa, hapana, hata kama ni mita mia tano. Mwendokasi wa Shekilango msiuhesabu kwa saa hizo.

---

Shekilango90

Kuhusu muziki: piga simu baa yenyewe Jumamosi saa 8 mchana, uliza maneno haya: leo kuna bendi au DJ, unaanza saa ngapi, na unaisha saa ngapi? Swali la mwisho ndilo la muhimu. Baa nyingi za Sinza zimezungukwa na nyumba za watu. NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, wanafuatilia kelele, na Mei 2023 walifungia baa na kumbi kadhaa za Dar kwa sababu hiyo. Sehemu ya wazi kabisa yenye ukuta mfupi inaweza kushusha sauti saa 6 wakati nyinyi ndiyo mmechangamka. Ukumbi wenye paa na kuta unaendelea. Kama baa yako ni ya wazi, uwe na jina la pili la ukumbi wa ndani, mtaa uleule, kwa kutembea kwa kundi au bajaji.

Kwenye simu hiyo hiyo shikilia meza: watu saba, pembeni, mbali na spika na mbali na njia ya choo. Mwambie utafika saa 2 na ufike kweli, saa 2:30 atampa mwingine. Mkija tarehe za mishahara, kuanzia 25 hadi tano ya mwezi unaofuata, pigeni tangu Ijumaa.

---

Dada wa Kaunta

Nyongeza kwa wale dada watatu na kwa kila mtu. Mkienda kucheza, mmoja asiyekunywa abaki mezani na glasi na pochi. Glasi iliyoachwa bila mtu imwagwe, hata kama ilikuwa imejaa. Mgeni akitoa ofa, pokeeni chupa iliyofungwa inayotoka kwa mhudumu wenu, asiilete yeye mkononi. Na mwenzenu akilegea ghafla kuliko alichokunywa, akawa haeleweki anachosema, usimwache alale kwanza "apate nguvu". Mlazeni kwa ubavu, mwiteni meneja, na gari liende hospitali moja kwa moja.

Wasiokunywa waagize maji ya chupa iliyofungwa na soda, na mpe kila mnywaji chupa ya maji kati ya bia ya pili na ya tatu. Mchuzi wa mbuzi wa kunywa kabla ya kulala, kama jiko bado linao saa 7, uombeni. Huisha mapema kuliko nyama, kwa hiyo mwambieni mchoma nyama awawekee bakuli saba mkiwa mnalipa ile saa 2.